Gari Limeshushwa, Sasa Linalia: Kutafuta Chanzo Kwenye CV, Propela na Difu

Toyota Altezza au Mark II, Subaru Impreza au Legacy ikishushwa (bodi ikasogezwa karibu na barabara), malalamiko huwa yale yale: tik-tik-tik ukikata kona, mtetemo ukikanyaga mafuta, kishindo kwenye tuta, oili kwenye difu (kasha la gia linalogawa nguvu kwa matairi). Dawa inayotajwa gereji nayo ni ile ile: nunua CV, yaani kile kiungo kinachopinda huku kikizunguka, kwenye ncha za shafti inayopeleka nguvu kwenye tairi (draivu shafti). Mwenye gari ananunua, inafungwa, na baada ya wiki chache mlio umerudi, kwa sababu kilichoua CV ya kwanza bado kipo. Shafti inazunguka kwenye pembe ambayo haikutengenezewa, au inagonga mahali. Pima kwanza, ndipo ununue.

VIPIMO VITATU KABLA YA KUSHIKA SPANA

Simamisha gari kwenye sakafu iliyo sawa. Ya kituo cha mafuta inafaa kuliko ya uani. Upepo wa matairi uwe sahihi na ndani pasiwe na mzigo.

Urefu: pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu hadi ukingo wa fenda, matairi yote manne, uandike. Usipime kutoka chini, maana tairi lililoisha litakudanganya. Kushoto na kulia kukipishana zaidi ya mm 5, sawazisha kwanza. Upande ulio chini zaidi ndio unaoanza kulia.

Pembe ya draivu shafti: gari liwe limekalia matairi yake, juu ya shimo la gereji. Toa kava ya simu, fungua programu ya pimamaji, laza simu juu ya shafti usome digrii. Kisha iweke kwenye fremu ya kukingama inayobeba injini au difu, usome tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo pembe inayobebwa na CV ya ndani. Fanya hivyo kushoto na kulia.

Hesabu yake si ngumu. Shafti yenye mm 400 kati ya CV ya ndani na ya nje huinama kama digrii 1.4 kwa kila mm 10 unazoshusha. Ukishusha mm 30 umeongeza digrii 4.3, ukishusha mm 60 umeongeza 8.5. Shafti ikiwa fupi, digrii zinapanda zaidi. Kuna magari ambayo shafti ilitoka kiwandani ikiwa imeinamia chini kidogo upande wa tairi. Hayo ukiyashusha mm 20 shafti inanyooka, na CV inafurahi. Taabu inaanza pale tairi linapopanda juu ya usawa wa difu. Ndiyo maana mm 40 zinaweza kulitesa gari moja na jingine lisilalamike.

Safari ya shokapu: funga taiti ya plastiki, zile za kufungia nyaya, kwenye fimbo ya shokapu, isukume hadi iguse mwili wa shokapu, halafu pita barabara yako ya kila siku na matuta yake yote. Ukirudi ukakuta taiti imesukumwa mpaka kwenye raba ya juu, gari linagota, na kila linapogota shafti inafika kwenye pembe kubwa kuliko uliyoisoma kwenye simu.

Kwa barabara za Arusha na Moshi, gari la kila siku lishushwe mm 25 hadi 35 kwa springi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo au koilova (springi na shokapu za kurekebisha urefu). Springi iliyopunguzwa kwa grenda haikai vizuri kwenye kikombe chake, na tairi likining'inia inaweza kutoka. Iliyochomwa kwa gesi ili ilale imepoteza ugumu wake na itaendelea kushuka. Ukiikuta kwenye gari lako, itoe kabla ya kutafuta ugonjwa mwingine wowote.

Gari lililoshushwa mara nyingi halipitishi jeki. Pandisha matairi juu ya vipande vya mbao vya inchi 2 ndipo uingize jeki, kisha weka stendi kwenye sehemu imara za bodi, kamwe si chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Na usiwashe injini ukaweka gia ili uangalie mtetemo matairi yakiwa yananing'inia: shafti hapo zimeinama kupita kiasi, zitatetemeka hata zikiwa mpya, na gari linalovuta matairi yote manne linaweza kuruka kutoka kwenye stendi.

TIK-TIK-TIK UKIKATA KONA

Kwa gari ambalo matairi ya mbele yanavuta, tafuta uwanja, kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole kama kilomita 10 kwa saa, kulia kisha kushoto. Mlio unaoongeza kasi pamoja na tairi ni wa CV ya nje, na mara nyingi ni ya upande wa nje wa kona: ukikata kushoto ikalia, anza na ya kulia.

Kabla ya hapo fanya jaribio moja la bure. Gari likiwa limesimama, mwenzako azungushe usukani huku wewe umeweka kiganja kwenye springi ya mbele. Mlio ukitokea gari halitembei, CV haina kosa. Hiyo ni springi inayoruka kwenye kikombe chake, au beringi ya juu ya shokapu iliyofungwa vibaya wakati wa kushusha. Linki za stabilaiza (fimbo inayozuia gari lisilale kwenye kona) nazo hulia hivyo hivyo zikilegea. Zishike kwa mkono uzitikise.

Chanzo cha kwanza ni buti (raba yenye mikunjo inayofunika CV na kushika grisi) iliyopasuka. Gari likishushwa, mikunjo ya buti upande mmoja inabanana na kusuguana kila mzunguko, na ufa huanzia kwenye bonde la mkunjo, mahali jicho halifiki. Ukiitazama kwa juu utasema nzima. Zungusha tairi kidogo kidogo ukitanua mikunjo kwa vidole, mmoja baada ya mwingine, na tochi mkononi.

Ikiwa imepasuka, chota tone la grisi iliyobaki, lisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Grisi nyeusi inayoteleza kama siagi, bila chembe, ina maana umewahi: safisha, weka grisi na buti mpya, CV itaendelea. Ikikwaruza kama mchanga, basi vumbi limeshaingia. Vumbi la barabara za ndani za Njiro, Moshono au Pasua ni laini kama unga. Likichanganyika na grisi linakuwa msasa unaozunguka pamoja na golori. Hapo kubadili buti peke yake ni kuufungia msasa ndani. Badilisha CV.

Kuosha: toa grisi yote ya zamani, osha kwa mafuta ya taa, pinda CV kila upande hadi yatoke safi, kisha ikauke kabisa. Tumia grisi nyeusi ya CV yenye molibdeni, paketi yote iliyokuja na buti. Kwa magari haya mara nyingi ni gramu 80 hadi 120. Nusu isukume katikati ya golori kwa kidole, nusu ibaki ndani ya buti. Grisi ya kawaida ya beringi isiingie humo. Buti za kukatwa na kubandika kwa gundi zitakufikisha nyumbani, si zaidi, kwenye gari ambalo buti tayari zinabanwa.

Nati ya habu (kitovu cha tairi) ikazwe kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kwenye magari mengi ni zaidi ya Nm 180, na mkono hauwezi kukisia. Usisogeze gari hata hatua moja nati hiyo ikiwa imelegea, maana kwenye magari mengi ndiyo inayoibana beringi ya tairi.

MTETEMO UKIKANYAGA MAFUTA, UNAOKATIKA UKIACHIA

Hili ndilo tatizo linalotafsiriwa vibaya kuliko yote. Watu wanasawazisha matairi mara tatu, wanabadilisha plagi, kumbe ni CV ya ndani.

CV ya ndani kwa kawaida ina rola tatu zinazoteleza kwenye mifereji mitatu ndani ya kikombe. Shafti ikiwa imenyooka, rola hazisafiri sana. Ikiinama, kila rola inaingia na kutoka mara moja kwa kila mzunguko, na kadiri pembe inavyokuwa kubwa ndivyo safari hiyo inavyorefuka. Ukikanyaga mafuta, rola zinakandamizwa kwenye ukuta wa mfereji huku zinalazimishwa kuteleza. Msuguano huo unasukuma shafti ndani na nje, mara tatu kwa kila mzunguko, nawe unauhisi kwenye kiti na sakafu.

Kuna jambo la pili lisilosemwa. Gari lililotembea kilomita laki moja na zaidi limeshachimba njia yake ndani ya mifereji, pale rola zilipokuwa zikikaa kwa urefu wa zamani. Ukilishusha, rola zinahamia sehemu nyingine na sasa zinavuka ukingo wa shimo la zamani. Ndiyo maana gari lilikuwa kimya asubuhi, likashushwa mchana, jioni linatetemeka. Fundi hakuharibu kitu. Uchakavu ulikuwepo, umefichuliwa.

Kuthibitisha ni rahisi kwa wanaoishi huku, kwa sababu tuna milima. Moshi mjini iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, lango la Marangu liko juu ya mita 1,800. Njia hiyo inakupa mwinuko mrefu wa kuvuta bila kuachia. Panda kwa gia ya tatu au ya nne, kilomita 50 hadi 60 kwa saa, kanyaga kwa uthabiti. Mtetemo ukija, achia mafuta kabisa. Ukikatika papo hapo, si tairi, na mara nyingi si propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu ya nyuma). Ikiwa nguvu inatoka nyuma, kama Altezza, rudia ukiwa na watu wawili kiti cha nyuma: uzito unashusha nyuma zaidi, na mtetemo ukizidi umeshapata jibu.

Vyanzo, kuanzia kinachotokea zaidi: pembe kubwa pamoja na njia mpya ya rola, mauntingi (raba zinazobeba injini au giaboksi) zilizolala, ambazo zinashusha giaboksi upande mmoja au kuiacha iyumbe (kwenye Subaru angalia pia raba za fimbo ya juu inayozuia injini isiyumbe), grisi ya CV ya ndani iliyokauka, mwisho kabisa, shafti ya mtumba ambayo si ya modeli hiyo na imezidi urefu.

Ukiwa na koilova, usinunue chochote bado. Pandisha mm 15 pande zote mbili, fanya alaimenti, rudi kwenye mlima ule ule. Mtetemo ukipungua sana, urefu huo ndio wa gari lako. Inauma kuona tairi limeachana na fenda, lakini gari linalotetemeka hivyo linakula pia mauntingi na sili za difu.

Ukitaka kubaki chini, badilisha kwanza mauntingi zilizochoka, kisha fungua CV za ndani. Pitisha ukucha kwenye ukuta wa mfereji. Ukikwama kwenye kitako, kikombe kimekwisha. Ikiwa shafti ya kushoto na ya kulia zina namba moja ya spea, unaweza kuzibadilishana pande: mzigo wa kwenda mbele unahamia kwenye ukuta wa mfereji ambao haujatumika sana, na unapata muda wa kutafuta nyingine. Ukitoa shafti usiivute yenyewe, maana CV ya ndani itaachana ndani ya buti. Ibenue kwa mtaimbo kwenye kikombe. Weka klipu mpya ya mwisho wa shafti wakati wa kurudisha.

Klipu ndogo ya buti ya ndani ibanwe shafti ikiwa kwenye urefu wa gari lililosimama. Ukiibana tairi linaning'inia, hewa iliyofungwa humo itaivimbisha au kuinyonya buti gari likishuka, nayo itapasuka mapema.

Simama hapa: mtetemo ukigeuka kuwa kugonga kila unapoondoka, au ukiweka gia injini ikanguruma bila gari kusogea, shafti imechomoka au CV imevunjika. Usijaribu tena. Kwenye otomatiki, hata P haiwezi kulishika gari hilo mlimani; weka breki ya mkono na mawe kwenye matairi.

KISHINDO KWENYE TUTA AU SHIMO

Chunguza shafti yenyewe kwa tochi. Mstari unaong'aa uliozunguka shafti, rangi imeliwa, unasema inasugua stabilaiza au bodi. Kukiwa na shaka, bandika donge la udongo wa mfinyanzi mahali panapokaribiana, pita tuta, rudi uangalie. Udongo uliobaki na unene wa mm 3 ina maana nafasi ndiyo hiyo.

Kinachosababisha zaidi ni raba ya kugotea ya shokapu iliyokatwa au kutupwa wakati wa kushusha. Irudishe, ukichagua fupi inayolingana na shokapu. Kisha stabilaiza: gari likishuka, mikono yake inapanda na kuikaribia shafti. Linki fupi zinazorekebishika zinamaliza hilo.

Chanzo cha tatu ni adimu ila ni ghali: CV ya ndani inagota mwisho wa kikombe na kuipiga difu kwa pembeni. Kupima, springi itolewe, tairi lipandishwe kwa jeki kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, na katika kila hatua shafti isukumwe ndani na nje kwa mkono. Ibaki na angalau mm 5 za kuteleza kila upande. Kazi hii inahusu kubana springi. Kama huna kifaa madhubuti cha kubania, mwachie fundi mwenye nacho. Springi ikifyatuka inaua.

Na kosa moja la ufungaji: bolti za bushi za mikono ya chini hukazwa gari likiwa limekalia matairi yake. Zikikazwa tairi linaning'inia, raba inabaki imesokotwa muda wote, itachanika ndani ya miezi, na habu itaanza kusogea mbele na nyuma ikivuta shafti pamoja nayo.

MTETEMO UNAOFUATA MWENDO, UKANYAGE AU USIKANYAGE

Anza na matairi na rimu. Spesa zisizokaa sawasawa kwenye habu ni mshukiwa mkubwa, na ndizo zinazoua beringi za tairi ambazo lawama yake hupewa kushusha. Tumia barabara ya njia nne ya Sakina hadi Tengeru, kilomita 70 hadi 80 kwa saa au chini ya hapo kama kibao kinavyosema, na weka nyutro kwa sekunde chache ikiwa giaboksi ni ya manyuo. Mtetemo ukibaki, injini na mauntingi zimetoka kwenye orodha.

Kwenye gari ambalo difu imefungwa kwenye bodi na kila tairi la nyuma lina shafti yake (Altezza, Mark II, Subaru), kushusha hakubadilishi pembe ya propela. Anayekwambia ulinganishe propela kwa sababu umeshusha, muulize difu imesogea vipi. Hapo angalia senta beringi, ile inayoshika propela katikati: ishike propela karibu nayo, itikise juu na chini, raba ikiwa imechanika utaona propela ikishuka. Kabla ya kuitoa, chora alama ya rangi kwenye flanji zote mbili ili irudi ilivyokuwa.

Hadithi ni nyingine kwa Toyota AE86 na yoyote yenye ekseli moja nzima nyuma. Huko difu inapanda na ekseli na pua yake inageuka. Pembe ya krosi (kiungo cha ncha ya propela) ya mbele na ya nyuma zilingane, tofauti isizidi digrii 1. Rekebisha kwa mikono ya juu inayorefushwa, au kabari za chuma kama ni springi za majani.

OILI KWENYE DIFU AU GIABOKSI

Kabla ya kununua sili, tafuta pumuo la difu, kile kikofia kidogo kwa juu. Baada ya masika kinaziba kwa tope, difu ikipata joto shinikizo linatafuta pa kutokea, na sili ndiyo mlango. Kizungushe kwa vidole, kipulize. Kikipumua na bado inavuja, badilisha sili, na pitisha ukucha kwenye shingo ya shafti. Ukikwama kwenye mkwaruzo, sili mpya haitadumu. Jaza oili ya daraja la kitabu cha gari, kwa difu nyingi 75W-90 ya GL-5, hadi iguse mdomo wa tundu la kujazia. Difu ya LSD, inayozuia tairi moja lisizunguke bure, inataka oili iliyoandikwa LSD.

SUBARU INAGANDA KWENYE KONA ZA KUEGESHA

Gari linakuwa zito, linarukaruka kama limevutwa breki. Gari lililoshushwa bila alaimenti linakula matairi kwa ndani, mwenye gari ananunua mawili mapya ya mbele na kubakiza ya nyuma. Matairi yenye mzingo tofauti yanazunguka kwa kasi tofauti, na difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inafanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka, mpaka inaungua.

Azima futi ya fundi cherehani, izungushe kwenye kila tairi katikati ya kashata (meno ya tairi). Subaru wanataka mizingo isipishane zaidi ya inchi robo, yaani kama mm 6. Kashata zikipishana mm 1 tu kwa kina, mzingo umepishana mm 6. Kwa hiyo matairi ni manne kwa mara moja, aina moja, na alaimenti kila unapogusa urefu wa gari. Ikiwa mizingo iko sawa na bado linaganda, difu ya katikati au klachi zake zimeguswa, na hiyo si kazi ya uani.

Unapoita gari la kuvuta kwa ajili ya Subaru, uliza kwanza kama lina kitanda. Kunyanyua matairi mawili na kuacha mawili yakiburuzwa kutoka Boma Ng'ombe hadi Arusha kunatosha kuimaliza difu ya katikati iliyokuwa imebaki nzima. Yote manne yawe juu. Na kwa kuwa gari liko chini, beba zile mbao za inchi 2, maana bampa litagota kwenye ngazi ya kitanda kabla tairi halijapanda.